Mzigo wa Dodoma

Vikombe vilianza kugongana kwenye sinia kabla mtu yeyote hajahisi kitu miguuni. Kisha mabenchi yakatikisika, vumbi jekundu likadondoka kutoka kwenye mianya ya tofali, na waombolezaji waliojaa uani kwa marehemu Mzee Msabila wakashika vikombe vyao kwa mikono miwili, wakangoja. Ardhi ilitetemeka kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Halafu ikatulia.

"Mzigo wa Dodoma huo," alisema Mihayo, mwana mkubwa wa marehemu, bila kuinua macho. "Mtani, nenda kapokee mali yenu. Sisi tuna msiba."

Watu wakacheka. Aliyeitwa mtani alikuwa kijana mwembamba mwenye buti za kazi, ameketi karibu na moto wa kupikia, pale ambapo mtani hukaa msibani ili awe jirani na nyama. Aliitwa Ndahani, Mgogo wa Dodoma, na kazi yake ilikuwa ya Mpokezi wa mizigo hiyo. Kituo chake kilikuwa juu ya kilima cha mawe nyuma ya kijiji hiki cha Kasangalwe, katikati ya misitu ya Unyamwezi, nchi ambamo mababu walizaliwa, wakazeeka, wakazikwa, bila hata mmoja wao kuona maji yakicheza mtungini pasipo kuguswa.

Sasa yalicheza mara kwa mara. Dodoma ilikuwa imejengwa juu ya ardhi yenye nyufa, na mji ulipopanda juu kwa maghorofa, tetemeko moja liliua watu wengi kiasi kwamba serikali iliapa halitakuja jingine. Ndipo ulipochimbwa Mshipa: ufa wa kutengenezwa, uliopita chini kabisa ya nchi kutoka Dodoma hadi magharibi, umejazwa maji mazito yenye unga wa chuma. Mkazo ulipojikusanya chini ya mji, mitambo iliusukuma ndani ya Mshipa kidogo kidogo. Ulisafiri polepole, ukiondoka alfajiri ukifika alasiri, ukatolewa hapa, chini ya mwamba mgumu usiojua kutetemeka. Kule mji ulilala salama. Huku vikombe viligongana.

Hakuna aliyeilazimisha Kasangalwe. Wajumbe walipokuja kuomba, Mzee Msabila aliwauliza tangu lini Mgogo akakosa kitu cha kuomba, na mkutano mzima ukacheka mpaka machozi. Kisha mzee akasimama, akasema kwamba babu zao walibeba pembe na vitambaa vya watu mpaka pwani na kurudi, mabega yakaota sugu, na hawakuacha mzigo njiani. Ikiwa mtani ameshindwa na mzigo wake, wajukuu wa wapagazi watambebea. Hivyo ndivyo walivyokubali, kwa kicheko na kwa kiburi. Na kiburi hicho hakikuwa cha kuonewa haya. Anayebeba mzigo wa mwenzake ana haki ya kutembea kifua mbele.

Vumbi lilikuwa bado halijatua Ndahani alipoona kwamba zamu yake imefika. Mtani msibani ana kazi yake: kukivunja kilio kabla kilio hakijawavunja watu. Aliruka, akakimbilia mlango wa nyumba kubwa, ambamo mjane, Mama Kalunde, alikuwa ameketi kwenye mkeka akizungukwa na wanawake, akapiga yowe kwamba paa linaanguka, watoke wote, linaanguka. Wanawake wakamiminika nje, mmoja kanga yake mkononi, mwingine kiatu kimoja. Ndahani akaingia, akajinyoosha kwenye mkeka wa mjane, akaikumbatia sufuria ya nyama iliyokuwa imefichwa humo, akatangaza kwamba hatoki mpaka apewe mbuzi.

Nyamizi, binti mdogo wa marehemu, alimfuata na mwiko.

"Acha hiyo nyama, Mgogo. Ina mifupa. Itakuvunja meno, kesho uombe kwa mdomo gani?"

Alimchapa mabegani, yeye akalia kama anachinjwa, na pale mlangoni Mama Kalunde akacheka. Alikuwa hajacheka tangu mumewe afumbe macho. Alicheka akishikilia mwimo wa mlango, kisha akalia vizuri, kilio chepesi kinachotoka chote. Ndahani alikiona kicheko kile, akamwona na Nyamizi akimtazama mama yake, kisha akimtazama yeye, na moyoni akajiambia kwamba mavuno yakiisha atamtuma mjomba wake kuja kuposa.

Nje, Mihayo alikuwa ameshatunga.

"Mtani kavaa buti, udongo anauchunga,
Ukikohoa kidogo, mizigo yake afunga."

Ua wote ukaudaka wimbo. Waliuimba hadi jua likazama.

*

Asubuhi ya maziko, Ndahani alipanda kituoni kabla hajaenda kuchimba kaburi pamoja na wenzake. Alitaka kulisikiliza Sikio tu, kisha ashuke.

Sikio lilikuwa waya mrefu ulioteremshwa ndani ya mwamba. Kila baada ya mzigo, Mpokezi alituma pigo dogo chini, kama mama anavyogonga chungu sokoni kwa kidole, na mwamba ulilia. Mlio mrefu, safi, ulimaanisha kwamba mkazo umesambaa kwenye mawe mapana na kupotea. Walioubuni Mshipa walikuwa wametegemea hilo. Mwamba mzee, walisema, una tumbo kubwa.

Aligonga. Mwamba haukulia.

Aligonga tena, akaongeza nguvu. Kilichorudi kilikuwa sauti fupi, nzito, sauti ya chungu chenye ufa. Akafungua picha za vipimo kwenye skrini na kuziangalia moja baada ya nyingine, mpaka jua likapanda utosini. Mizigo haikuwa imesambaa. Ilikuwa imelundikana, wa leo juu ya wa jana, kwenye mpasuko mmoja mwembamba uliopita moja kwa moja chini ya kijiji. Tumbo kubwa lilikuwa halijameza kitu.

Aliita Dodoma kwa redio. Mkuu wa zamu alikuwa Mama Senyagwa, mwanamke aliyemfundisha kazi, na ambaye hakuwa amelala vya kutosha tangu amjue.

"Mwamba umeacha kulia, mama. Nikipokea wa leo, yote iliyotangulia itatoka nao."

Mama Senyagwa akauliza kama lango la Mshipa liko wazi. Ndahani akasema liko wazi. Mkuu wa zamu akamwambia kwamba mzigo umekwisha ondoka tangu alfajiri, uko njiani, na hakuna mtambo wa kuuita urudi.

"Nikilifunga lango?"

"Utarudi wenyewe. Na ukirudi hautakuja peke yake, utaufumua na ule mkazo tuliobaki nao huku." Sauti yake ilishuka. "Hapa nilipo naiona hospitali ya wazazi dirishani, Ndahani. Nikutajie na nini kingine?"

Ndahani akaomba litolewe tangazo, simu za kijiji kizima zilie. Mama Senyagwa alisema tangazo la hatari lazima lipitie ofisi ya habari ya Mamlaka ya Mshipa, na akilipeleka sasa litatoka kesho. King'ora cha kituo Ndahani alijua mwenyewe kilikokwenda: kiling'olewa zamani, kwa kuwa mizigo midogo haikustahili kelele.

"Una miguu," alisema Mama Senyagwa. "Shuka ukawaambie."

Mpini wa lango ulikuwa ukutani, mwekundu, laini kwa kushikwa. Ndahani aliweka mkono juu yake. Mama yake aliishi Chang'ombe, kule Dodoma, kwenye nyumba ya zamani, na kitanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta. Lakini hakumfikiria yeye peke yake, na hilo liandikwe kwa haki. Alifikiri hivi: mji mzima hauwezi kutolewa nje kwa saa chache. Kijiji kinaweza. Watu wa Kasangalwe wakitoka wakakaa uwanjani mpaka jioni, nyumba zitaanguka na watu watabaki. Tofali hufyatuliwa upya.

Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Mtu angeipeleka mbele ya hakimu yeyote, wa dunia au wa mbinguni, na asiinamishe kichwa. Akautoa mkono kwenye mpini, akaliacha lango wazi, akakimbia.

*

Aliwakuta wamesharudi kutoka makaburini. Wanaume walikuwa uani wakinawa udongo mikononi, chakula kimeanza kupakuliwa, na wanawake wamerudi ndani na Mama Kalunde, kwa sababu mjane haachwi peke yake siku ya kwanza ya mkeka mtupu.

Ndahani alisimama katikati ya ua, akihema, akasema tetemeko kubwa linakuja alasiri hii, kubwa kuliko yote, na kila aliye ndani ya nyumba atoke sasa.

Kicheko kilianza kwa wanaume waliokuwa wakinawa, kikazunguka ua. Mtani amechelewa kaburini, alisema mmoja, sasa anataka kufidia. Mwingine akashangaa kwamba hata mbinu hakubadilisha. Mgogo akigundua mlango wenye chakula huurudia huo huo. Wakaanza kumpigia makofi, na wimbo wa jana ukainuka.

Akawaambia si utani. Wakacheka zaidi, maana hakuna mtani aliyewahi kusema jambo msibani akakiri kuwa ni utani. Akaapa kwa mama yake. Wakamjibu kwamba mama yake ndiye aliyemtuma nyama. Akaeleza habari ya Sikio, mpasuko, mizigo iliyolundikana, na Mihayo akawanyamazisha watu kwa mkono ili wasikie vizuri, uso wake uking'aa kwa furaha ya mtu anayesikiliza utani uliopikwa ukaiva.

Ndipo Ndahani akalia. Alilia kweli, machozi na kamasi, akapiga magoti udongoni.

"Mnamwona?" alisema Mihayo. "Mnamwona anavyolia? Mzee angekuwa hai angempa mbuzi wawili."

Kwa sababu hiyo nayo ni kazi ya mtani. Watani hulia msibani kwa machozi ya kukodi, hugaragara, huomba wazikwe wao, na anayelia vizuri zaidi hupata sifa. Ndahani alikuwa na ukweli mmoja tu duniani, na kila njia ya kuusema ilikuwa imeshachukuliwa na mzaha.

Aliinuka akaingia ndani ya nyumba. Akamshika Mama Kalunde mkono, akamburuta. Mjane, kwa kuchoka na kwa kuzoea, alijiachia huku akimpiga makofi ya mgongoni na kumwita mwizi wa wajane. Wanawake wengine walibaki wameketi, wakicheka, kila mmoja ameng'ang'ania nafasi yake. Jana walikimbia, leo hawakimbii. Alipomfikisha mjane nje ya kizingiti alirudi amchukue Nyamizi. Alimshika kwa nguvu, zaidi ya vile utani unavyoruhusu, na Nyamizi akaacha kucheka.

"Unaniumiza, Ndahani."

Mihayo aliliona hilo. Alikuja akamtoa Ndahani nje kwa kola, si kwa hasira bado, akamwambia taratibu kwamba kila kitu kina mpaka wake. Nyamizi alisimama mlangoni akijisugua mkono. Kisha, ili mambo yasiharibike, ili ua usikae na ukimya ule mbaya, akatabasamu na kusema kwamba anarudi ndani kuikalia sufuria, na Mgogo atakayeiweza aje aichukue chini yake.

Akaingia.

Ardhi haikutetemeka. Ilipigwa. Ilikuwa kama kitu kikubwa kimeinuka chini yao na kugonga mara moja kwa bega. Waliosimama waliketi, waliokaa walilala, na kuta za tofali zilizojengwa na watu ambao hawakuwa na sababu yoyote duniani ya kuziogopa, kuta zisizo na nguzo wala mkanda wa zege, zilifunguka pande nne, paa likashuka katikati yake, zima, bila haraka.

Vumbi lilipanda. Ndani ya vumbi, kwa muda mfupi, mtu mmoja alikuwa bado anaimba, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa haujapata habari.

*

Mama yake Ndahani alimtumia ujumbe jioni ile kumuuliza kama amekula. Dodoma hata kikombe hakikugongana.

Waliotolewa chini ya kifusi wakiwa hai walikuwa wachache. Nyamizi hakuwa miongoni mwao. Ndahani alichimba pamoja na wengine mpaka kucha zikatoka, na hakuna aliyemwambia neno, la wema wala la ubaya. Palipokucha alipanda kituoni kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Mzigo mwingine ulikuwa njiani, mdogo. Aligonga mwamba. Ulilia, mlio safi, mrefu. Ulikuwa umetapika yote, sasa tumbo lilikuwa tupu na tayari.

Mihayo alimkuta ameketi chini ya mpini. Alikuwa na udongo wa makaburi hadi kwenye viwiko.

"Nalifunga," alisema Ndahani. "Sema neno moja tu, Mihayo. Nalifunga sasa hivi na wala sitalifungua tena."

Mihayo aliutazama mpini kwa muda. "Ukilifunga, mzigo unakwenda kwa nani?"

"Kwa watu wa kwetu."

"Kule nako mtu ana dada." Alijifuta uso kwa mkono, akaupaka udongo. "Baba alisema tutabeba. Tumemzika jana na neno lake. Mimi si mtu wa kulifukua."

Ndahani alisema hakuna aliyeahidi kubeba mauti. Mihayo hakubishana. Alieleza, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi za shamba, kwamba watu wamekwisha kubaliana: watajenga upya kwa miti na nyasi, nyepesi, kama walivyojenga wazee, mizigo itapokelewa, na kila mmoja ukija, waambiwe mapema, watoke. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Jana ulituambia kweli. Kwa nini hatukukusikia?"

"Kwa sababu mimi ni mtani wenu."

"Ulilia mbele yangu, na mimi nikakusifu kwa kulia vizuri. Basi hatuwezi kuwa na vyote viwili. Ili tukusikie, lazima tusikutanie. Kuanzia leo wewe ni mgeni hapa. Hatutakutukana, na wewe hutatutukana. Hutagusa chungu chetu wala kaburi letu. Ukisema tokeni, tutatoka."

Ndahani alimwomba ampige. Alisema afadhali apigwe, avunjwe kitu, kuliko hilo.

"Hata mimi ningependa," alisema Mihayo. "Mtani hupigwa." Alisimama, akajikung'uta magoti. Mlangoni aligeuka, akaonekana anatafuta neno lililozoeleka mdomoni mwake, akalikosa. "Kwaheri, Bwana Ndahani. Tutazika saa sita."

Mpini ulikuwa palepale, mwekundu. Ndahani aliutazama mpaka macho yakamuuma. Hakulifunga lango. Ule mzigo uliokuwa njiani akauacha uje.

*

Makaburi yalichimbwa kwa mstari. Ndahani alifika akiwa amevaa shati safi, na alikuwa ameamua njiani kwamba atatii, atasimama nyuma, atanyamaza. Lakini walipofika kaburi la Nyamizi, na jeneza likiwa bado mabegani mwa watu, miguu yake ilikwenda yenyewe. Alishuka kaburini. Alijilaza udongoni kwa urefu wake wote, kama mtani anavyofanya, akafumba macho, akasema kwa sauti iliyokatika kwamba kaburi hili ni lake, amelipenda, hatoki bila mbuzi.

Alingoja. Alingoja mkono wa kumvuta mguu, bonge la udongo, tusi. Angeshukuru kwa tusi lolote. Mihayo alikuwa amebeba upande wa mbele wa jeneza, na uso wake uligeuzwa pembeni, taya limekaza. Hakuna aliyesogea. Ndege alilia mtini.

Kisha kivuli kikamfunika. Mama Kalunde alikuwa amepiga magoti ukingoni, mkono mmoja umefungwa kitambaa shingoni, ule mwingine, ambao Ndahani alikuwa ameushika na kuuburuta, umenyooshwa kwake.

"Nitukane, mama," alisema Ndahani. "Mara moja tu."

Neno lilikuwepo, lilionekana linapita machoni pa mjane. Akalirudisha ndani.

"Inuka, bwana," alisema kwa upole. "Nguo zako zitachafuka."

Aliushika mkono ule, akatoka. Kijana mmoja alikuwa amekwisha leta kiti chenye mgongo, kile wanachowekewa wakuu wa serikali, akakiweka kivulini peke yake na kukipangusa kwa kitambaa. Ndahani akaketi. Walimzika Nyamizi mbele yake, wakawazika na wengine, na maziko yote yalikwenda kimya, kwa utaratibu mzuri, bila mtu kuingilia.

Walipomaliza, wote waligeuka wakamtazama. Alielewa wanangoja nini. Alisimama, akaona sauti yake imekuwa ya mtu mwingine, kavu na ya heshima.

"Ndugu zangu," alisema, "mzigo utafika alasiri hii. Ni mdogo, lakini kuta zilizobaki zina nyufa. Naomba mkae mbali na nyumba."

Hakuna aliyecheka. Watu waliinuka wote kwa pamoja, wakabeba mikeka yao na watoto wao, wakaenda kukaa uwanjani.